Maji Yaliyochemshwa

Bibi Sweta alikutwa amekufa asubuhi, kitandani kwake, amefunikwa blanketi mpaka kidevuni.

Aliyemkuta ni jirani wa mlango wa pili, mwanamke ambaye watu wote wa uani walimwita Mama Pipi. Alikwenda kumchoma sindano yake ya sukari kama kawaida ya kila siku. Akabisha, akaita, akaita tena. Aliposukuma mlango na kumgusa mkono, akapiga yowe. Watu wakajaa, na mmoja wao akapiga simu polisi, kwa sababu bibi alikuwa akiishi peke yake, na kifo cha mtu wa namna hiyo hakikosi maneno.

Inspekta aliingia chumbani, akavua kofia. Alikuwa mwanamke mtu mzima, mwenye mwili, magoti yake yanamsumbua. Vijana wa kituoni walimwita Mama Taratibu akiwa hayupo. Alilijua jina hilo na halikumuudhi hata kidogo.

"Hapa hakuna kesi, afande," alisema Koplo, mguu mmoja ndani, mmoja nje. "Ajuza, mgonjwa, siku zake zimefika. Tuwaachie wazike."

"Una haraka ya kwenda wapi?"

"Sijanywa chai, afande."

"Chai itapashwa moto. Ingia, funga mlango."

Chumba kilikuwa kidogo na safi. Kwenye kiti kulikuwa na kapu la nyuzi za sufu na sweta ya mtoto iliyofumwa nusu, sindano za kufumia zikiwa bado zimening'inia. Bibi alikuwa amekwisha kupoteza macho, akifuma kwa kupapasa tu, na karibu kila mtoto wa mtaa ule alikuwa na sweta yake, hii mkono mrefu, ile mkono mfupi.

Inspekta aliangalia sakafuni. Jagi, tupu. Dumu, tupu. Birika, tupu. Hata kopo la kupigia mswaki lilikuwa kando ya kitanda, nalo tupu.

"Mtu mmoja anakunywaje maji yote haya?" aliuliza.

"Labda joto," alisema Koplo.

"Na blanketi zito namna hii?"

Koplo akaliangalia blanketi tena.

Midomo ya marehemu ilikuwa imekauka na kupasuka. Macho yalikuwa yamedidimia. Kidole kimoja cha mguu kilikuwa na kidonda, lakini kidonda chenyewe kilifungwa kitambaa safi, tena kwa fundo dogo lisiloumiza. Nywele zilikuwa zimesukwa. Kucha zilikuwa zimekatwa. Nyayo zilikuwa zimepakwa mafuta. Inspekta akazishika zile nyayo kidogo. Kuna watu wana watoto wengi na hawajawahi kupakwa mafuta miguuni.

Tumboni palikuwa na alama za sindano, ndogo ndogo, zimepangwa kama mshono wa fundi, kila moja pembeni ya mwenzake.

Alitoka uani. "Nani alikuwa akimchoma?"

"Mimi," alisema Mama Pipi. Alikuwa mwembamba, kanga imekazwa kiunoni, macho mekundu.

"Kila siku?"

"Kila siku ya Mungu, afande."

"Na nyayo? Nani alizipaka mafuta?"

"Mimi. Zilikuwa zinapasuka."

"Dawa yake iko wapi?"

Mama Pipi akamwonyesha chungu kilichokuwa kona ya chumba, kimejazwa mchanga mbichi, na ndani yake kopo lenye kichupa cha insulini. Ni jokofu la mtu asiye na jokofu. Kichupa kilikuwa kimebandikwa plasta, na juu ya plasta mtu alichora jua kwa kalamu nzito.

"Nani alichora?"

"Shangazi. Mfamasia wetu wa zamani, pale duka la dawa la pembeni. Alichora ili hata asiyejua kusoma ajue hii ni ya asubuhi. Bibi mwenyewe haoni, lakini alipenda kuambiwa kuna jua pale."

Wakati huo msichana mdogo alikuwa akiruka kamba karibu na mlango wa choo, miguu inapiga chini tap, tap, tap. Mwanamke mmoja akamkaripia, "We Pipi! Weka kamba chini, kuna msiba!"

"Ni wako?" Inspekta aliuliza.

"Wangu. Wanamtania Pipi kwa sababu hajawahi kula pipi. Ana ugonjwa uleule wa Bibi, tangu akiwa mdogo."

"Naye anapata dawa wapi?"

Mama Pipi akaangalia chini. "Hatupati, afande. Insulini imekauka mji mzima. Yetu iliisha siku nyingi. Tunamwomba Mungu tu."

"Pole sana, mama."

Inspekta alisema pole ya kweli. Alimtazama mtoto, akakiweka kichupa katika mfuko wa ushahidi, akaondoka na Koplo wake. Njiani kuna kitu kilimkereketa moyoni, kama uzi uliokatika ndani ya nguo. Hakujua ni nini.

*

Daktari wa uchunguzi wa maiti hakuzungusha maneno.

"Sukari ilipanda kupita kiasi, damu ikachacha. Kile kidonda cha mguu kikaongezea. Huyu hakuwa anapata insulini ya kutosha."

"Alichomwa kila siku. Alama umeziona."

"Nimeziona. Basi nikuulize mimi, Inspekta. Alichomwa nini?"

Jibu lilitoka kwa mkemia kesho yake.

"Kichupa chako kina insulini," mkemia alisema, "ila imechujuka. Nusu dawa, nusu maji. Insulini ya aina hii huwa nyeupe kama maziwa. Hii imekuwa kama maji ya mchele."

"Maji ya bomba?"

"Hapo ndipo pananishangaza. Maji ni safi kabisa, hayana kijidudu. Aliyeyatia aliyachemsha kwanza, akayaacha yapoe."

"Kwa nini muuaji achemshe maji?"

"Ili anayechomwa asipate usaha," alisema mkemia, akainua mabega. "Mimi ni mkemia, Inspekta. Huo upande mwingine ni wako."

Inspekta alikaa na jambo hilo siku nzima. Katika miaka yake ya upelelezi alikuwa amekutana na watu wa kila aina: wenye visu, wenye sumu, wenye maneno matamu. Hakuwahi kukutana na mtu anayemdhuru mwenzake kwa maji yaliyochemshwa.

*

Duka la dawa lilikuwa limepakwa rangi upya. Mbele kulikuwa na kioo kutoka juu mpaka chini, na tundu dogo la kupitishia karatasi na dawa. Mashine ukutani ilitoa namba za foleni. Sakafuni, Inspekta aliona alama nne za miguu ya benchi ambalo halikuwepo tena.

Mwenye duka alimkaribisha ofisini kwa haraka, macho kwenye saa.

"Benchi lilikwenda wapi?" aliuliza Inspekta.

"Nimeliondoa. Watu walikuwa wanakaa kama wako sebuleni kwao."

"Na mfamasia wako wa zamani? Yule wanayemwita Shangazi?"

"Nimemwachisha. Mama yule kazi anaijua, sikatai. Lakini anapiga soga! Mgonjwa mmoja anamaliza naye nusu saa. Amelala vipi, amekula nini, mguu unawaka moto au hauwaki, mkwe amerudi au hajarudi. Foleni inafika barabarani. Nikamwambia, mama, hili ni duka, si baraza."

"Na wagonjwa walikuwa wanaendeleaje wakati wake?"

"Hilo sijui. Mimi naangalia foleni."

Inspekta akakiweka kichupa mezani. Mwenye duka alipoona ule mchoro wa jua akacheka kwa pua.

"Huo ni wake. Alitoa vichupa siku yake ya mwisho, akiwa na hasira za kuachishwa. Kama kina maji, umempata mtu wako."

"Baada ya yeye kuondoka, kuna mtu aliyekuja kumuulizia?"

"Wengi. Wanataka namba yake ya simu. Haturuhusu kutoa namba za wafanyakazi."

"Kuna mwanamke mwembamba, ana mtoto wa kike mgonjwa wa sukari. Alikuja?"

"Sikumbuki sura, Inspekta. Kwenye tundu lile unaona mikono tu."

Inspekta aliangalia lile tundu. Ni kweli. Mtu aliyekaa nyuma ya kioo kile angeweza kumhudumia mama yake mzazi asimjue.

Mkuu wa kituo aliposikia maelezo ya mwenye duka, hakutaka kungoja. "Mfamasia aliyefukuzwa, ana kinyongo, dawa imepita mikononi mwake. Unataka nini zaidi? Mlete, mhoji, mfungulie mashtaka. Magazeti yamekwisha kunipigia simu."

"Nipe muda kidogo, mkuu."

"Wewe na taratibu zako! Mpaka kesho jioni."

*

Shangazi alikuja kituoni kwa miguu yake mwenyewe. Alikuwa amevaa sweta ya kijivu, mkono mmoja ukiwa mrefu kuliko mwenzake. Inspekta alijua mara moja nani aliifuma.

"Kichupa hiki unakijua?"

"Nakijua. Plasta ni yangu. Jua ni langu."

"Ulimpa lini?"

"Siku niliyoachishwa. Nilimpa cha akiba. Nikamwambia, Bibi, kitunze, sijui nakuacha na nani pale dirishani."

"Ulikuwa na hasira?"

"Nilikuwa nalia. Si kitu kimoja."

"Kichupa kimetiwa maji. Nusu kwa nusu."

Shangazi alishika ukingo wa meza. "Maji? Bibi amekufa kwa maji?"

"Maji yaliyochemshwa."

Shangazi aliinua macho polepole. "Yaliyochemshwa," alirudia.

"Nani angefanya hivyo?"

"Mtu niliyemfundisha."

"Uliwafundisha watu wangapi?"

"Wote, afande. Ndiyo soga zenyewe hizo nilizofukuziwa. Mtu nikimpa dawa simwachi aondoke hivi hivi. Namweleza, halafu namwambia, haya, sasa nifundishe mimi. Ananifundisha kama mimi ndiye mgonjwa. Akikosea tunacheka, tunaanza upya. Wazee wengine walinigombeza, 'We binti, nikufundishe umesahau shule?' Lakini walikuwa hawakosei tena. Miguu iliyokuwa ikatwe haikukatwa."

"Na Bibi Sweta?"

"Bibi macho yalimtupa mkono. Hawezi kusoma kipimo cha sindano. Nikamwomba jirani yake, Mama Pipi, awe anamchoma, kwa sababu alikuwa anamchoma mwanawe na mkono wake ni mwepesi. Bibi naye akawa anamkalia Pipi mama yake akienda kufua nguo za watu. Niliwaunganisha mimi. Nikarudi nyumbani siku hiyo nimefurahi kama nimeozesha."

Mara rangi ya uso wake ikabadilika, na sauti ikashuka.

"Afande. Pipi yuko hai?"

"Kwa nini unauliza?"

"Nilipoondoka dawa yake ilikuwa imebaki kidogo mno. Nikategemea mzigo utakuja. Haukuja. Mtu mzima kama Bibi anaweza kujikokota bila dawa ya kutosha. Mtoto mwenye sukari ya aina ile hawezi. Wiki haiishi, anazimika. Niambie tu ukweli, nimejiandaa. Amekufa?"

Inspekta akasikia tena ule mlio wa miguu midogo uani. Tap, tap, tap.

"Anaruka kamba," alisema.

Wanawake wawili walitazamana juu ya kile kichupa, na kila mmoja aliona usoni mwa mwenzake jambo lile lile likifika na kukaa. Uzi uliokuwa ukimkereketa Inspekta ulikuwa umepatikana, na sasa alitamani asingeutafuta.

Shangazi ndiye aliyetangulia kusema. "Andika ni mimi."

"Nini?"

"Andika kwamba nilitia maji. Kinyongo, hasira, chochote. Nitatia sahihi."

"Kusema uongo polisi ni kosa, mama."

"Kosa nitalibeba. Mimi sina mtoto wa kuchoma sindano jioni."

Inspekta alifunga faili. Alitoka nje, akaenda nyuma ya kituo ambako hapiti mtu, akaegemea ukuta. Alikuwa na saa chache. Angeweza kunyamaza, sahihi ya Shangazi ilikuwa inamngoja, mkuu angefurahi, magazeti yangefurahi, na mtoto angebaki na mama yake. Mwanamke asiye na hatia angekwenda jela, basi. Alilipima jambo hilo kwa uaminifu, kama mtu apimaye mzigo kabla ya kuuinua. Hakuweza.

Akamwita Koplo. "Lete gari. Na pingu ziache."

*

Mama Pipi alikuwa anasuuza nguo. Alipomwona Inspekta amekuja na uso ule, aliacha mikono ndani ya beseni.

"Twende ndani, mama," alisema Inspekta. "Koplo, cheza na mtoto."

"Nicheze nini, afande?"

"Mshikie kamba."

Ndani kulikuwa na kitanda kimoja, meza moja, na chungu kilichojazwa mchanga mbichi.

"Hiki ni cha nini? Si ulisema dawa iliisha?"

"Mazoea tu, afande."

"Mchanga umetiwa maji leo."

Mama Pipi akapangusa mikono kwenye kanga.

"Umemchoma mtoto leo?"

Mama Pipi akakitazama chungu.

"Sikuulizi ili nimnyang'anye. Nakuuliza kama amechomwa."

"Amechomwa, ya asubuhi," alisema Mama Pipi, akakaa sakafuni.

Inspekta naye alishuka, kwa shida, akakaa sakafuni mkabala naye. "Kuanzia sasa ukisema neno nitaliandika, na litakwenda mahakamani. Una haki ya kunyamaza."

"Nimenyamaza kiasi cha kutosha."

"Basi sema."

"Nilichukua nusu. Nusu tu, afande, naapa. Ya Pipi ilipoisha nilikwenda dukani. Nikapanga foleni, nikafika kwenye tundu, nikaambiwa hakuna, namba inayofuata. Nikasema, kaka, mtoto wangu atakufa. Akasema, mama, unazuia watu. Nikarudi tena. Nikasema, basi nipeni namba ya Shangazi, yeye ananijua. Wakasema hairuhusiwi. Hospitali wakaniandikia karatasi ya kurudi kwenye duka lile lile. Siku ya pili jioni Pipi alianza kutapika. Pumzi yake ilinuka kama tunda lililooza. Shangazi alinifundisha harufu ile. Alisema ukiisikia, usingoje."

"Ukaenda kwa Bibi."

"Dawa yake ilikuwa kwenye chungu. Yeye yuko kitandani anafuma. Ananiuliza, 'Ni wewe, mwanangu?' Nasema ni mimi, Bibi. Nikavuta nusu nikaihamishia kwenye kichupa cha Pipi. Kichupa cha Bibi kikabaki chepesi mkononi. Nikajua kila asubuhi yeye ndiye anayekiviringisha viganjani ili dawa ichanganyike, atahisi. Nikaenda nyumbani, nikachemsha maji, nikayapoza, nikajazia."

"Kwa nini ulichemsha?"

Mama Pipi alimshangaa. "Nisichemshe? Si angeota jipu!"

Inspekta aliliandika neno hilo kama lilivyosemwa.

"Ulijua atakufa?"

"Hapana! Shangazi aliwahi kuniambia, siku Bibi asipokula vizuri mpunguzie, mchome nusu. Nikasema moyoni, Bibi siku hizi hali kitu, nusu inamtosha. Nilining'inia kwenye neno lile, afande. Nililishika kama kamba ya kisima. Mpaka mzigo uje, nikasema. Wiki moja tu. Mzigo haukuja."

"Alipoanza kunywa maji sana?"

"Niliona." Sauti yake ilikuwa imebaki ndogo. "Niliona maji, niliona amekonda, niliona kidonda. Dalili zote nilizifundishwa. Kila siku nikasema kesho nitamrudishia. Kesho yake namtazama Pipi anacheka, siwezi. Ndipo nikawa namsuka. Nampaka mafuta. Nilikuwa sijui nimfanyie nini."

"Alishuku?"

"Alikuwa ananishukuru. Kila nikichomoa sindano anasema, 'Mungu akuweke, mwanangu.' Halafu ananiuliza, 'Mtoto amepata dawa?' Nasema bado, Bibi. Anasema, 'Basi mlete hapa alale kwangu upumzike, umechoka.' Hivyo, afande. Namchoma maji, na yeye ananionea huruma."

Hapo ndipo alipolia, kwa sauti isiyo na aibu. Nje kamba ilikuwa inapiga chini, na Koplo alisikika akisema, "Taratibu basi, wewe! Mimi mtu wa polisi, si wa sarakasi," na mtoto akicheka.

*

Mkuu wa kituo alisoma maelezo yale mara mbili, akayaweka chini bila kusema kitu. Kosa liliandikwa: kuua bila kukusudia. Shangazi akaachiliwa, lakini hakuondoka. Aliomba simu.

"Ya nini?" aliuliza Inspekta.

"Kichupa cha Pipi mlichokuja nacho kimebaki na kidogo sana. Nina mwenzangu niliyesoma naye, yuko duka la mji wa pili. Nimjaribu."

Alipiga simu pale pale mezani. Akasalimia, akauliza hali ya mama mkwe wa yule mwenzake, akauliza mguu wake, kisha akaeleza. Akasikiliza. Akaifunika simu kwa kiganja, na machozi yakamtoka.

"Anavyo viwili kwenye jokofu lake. Anampa dereva wa gari linaloondoka sasa hivi, ndani ya chupa ya chai yenye barafu."

Mlango wa chumba cha mahojiano ulikuwa wazi. Mama Pipi alikuwa amekaa kule ndani kwenye benchi, na alikuwa amesikia kila neno.

"Simu moja?" aliuliza.

Shangazi akaweka simu chini.

"Shangazi, ilikuwa simu moja?"

Shangazi alikwenda akapiga magoti mbele yake, akaificha sura yake mapajani mwa yule mwanamke. "Nisamehe," alisema. "Ningekuja nyumbani kwako. Nilikuwa naona aibu ya kufukuzwa. Nilikaa ndani kama mwali. Ningekuja tu."

Kisha Shangazi akafuta uso kwa ule mkono mrefu wa sweta, akatoka kwenda kungojea gari barabarani.

Jua lilikuwa linashuka. Pipi alikuwa kwenye kiti cha Koplo, miguu inaning'inia, amevalishwa kofia ya polisi. Alikuwa ameacha kucheza.

"Mama, nina njaa."

Mama Pipi aliinuka mara moja. "Hawezi kula kabla ya sindano. Afande, wakati wa sindano ya jioni umefika. Nipeni kichupa nimchome."

Koplo alijikuna kichwa. Alionekana kama mtu aliyeambiwa ampige mama yake. "Mahabusu haruhusiwi kushika sindano, afande. Ni sheria."

"Najua sheria, Koplo."

"Basi nani atamchoma?" Mama Pipi aliuliza. Alimtazama Koplo, akautazama mlango ambao Shangazi alitokea, akamtazama Inspekta. "Leo nani? Na kesho? Mimi nikiwa ndani, nani?"

Shangazi alikuwa amekwisha kusema kwamba mtoto atakaa kwake. Lakini Shangazi alikuwa barabarani, na mtoto alikuwa na njaa sasa.

Inspekta alikwenda kwenye beseni, akanawa mikono kwa sabuni, taratibu, hadi kwenye viwiko. Akaleta sindano na kichupa, kutoka kwenye kopo la mchanga mbichi lililokuja na mtoto, akaketi kwenye benchi karibu na mtuhumiwa wake.

"Nifundishe mimi," alisema.

Mama Pipi alimkazia macho. Kisha akapangusa pua kwa upindo wa kanga, akakohoa, na sauti yake ikawa sauti ya mtu aliye kazini.

"Kiviringishe viganjani. Hapana, usitikise, afande, ukitikisa unaweka povu. Viringisha, kama unapasha moto mikono ya mtoto. Unaona inageuka nyeupe? Nyeupe kabisa. Ikiwa imechujuka..." Alishindwa hapo. "Ikiwa imechujuka, usimchome nayo. Sasa vuta hewa mpaka mstari huu. Sukuma ndani. Geuza juu chini. Vuta dawa. Gonga kidogo, povu litoke."

"Hivi?"

"Hivyo. Asubuhi nilimchoma kushoto, sasa ni kulia. Bana ngozi, usiogope, hatalia. Pipi, njoo kwa bibi."

Pipi alivua kofia ya Koplo, akaja, akapandisha fulana mwenyewe. "Polisi ana mikono ya baridi," alisema.

"Itapata moto, mjukuu wangu," alisema Inspekta.

Akambana ngozi, akaingiza, akasukuma, akangoja kidogo kama alivyoambiwa, akachomoa. Mtoto hakulia. Koplo, aliyekuwa amegeukia ukutani, ndiye aliyeshusha pumzi.

"Ndiyo hivyo tu?" Inspekta aliuliza. Jasho lilikuwa limemlowesha.

Mama Pipi alikinyooshea kidole kile kichupa, akakitazama kwa muda mrefu, kisha akamtazama Inspekta usoni kama mtu atakayeondoka na hajui atarudi lini.

"Haya, afande," alisema. "Sasa nifundishe mimi."

Koplo alikuwa amekwisha kushika funguo za mahabusu. Inspekta alimwashiria kwa mkono angoje. Akakaa vizuri, akakikumbatia kichupa kwa viganja vyote viwili, akaanza mwanzo.

"Kwanza," alisema, "nanawa mikono."